Sahani Zilizomwagiliwa Maji

Habari za njia ya kwenda Rutubani sitawachosha nazo. Njia ni njia: vumbi pale palipokauka, tope pale palipolowa, na msafiri anayesimulia tope kwa kirefu mara nyingi hana alichokiona mwisho wa safari. Mimi nilikiona. Nimekuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na saba, nimestaafu na heshima zangu zote pamoja na goti moja bovu, na sijapata kuipenda nchi kwa haraka kama nilivyoipenda ile.

Niliipenda kwa sababu ni nchi ya utaratibu. Ukimuuliza mpita njia wa Rutubani ni saa ngapi, kabla hajakujibu atakuonyesha hati ya kwamba saa yake imepimwa mwaka huu. Wauza machungwa wana daftari la machungwa. Mtu aliyemaliza ujana wake akikagua shule ambazo rejista zake zimefungiwa maandazi ataielewa furaha yangu.

Nilipewa chumba cha wageni katika chuo cha umma cha mji wao mkuu. Dirisha langu lilitazama kilima kilichong'aa ajabu jua likipanda. Kilikuwa kimeota majani mawili matatu, na juu yake wanafunzi walikaa wakisoma. Nilimsifia Mkuu wa Chuo, Mwalimu Ngwali, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, kwa mandhari yale.

"Si mandhari hayo, Bwana Mkaguzi," alisema. "Huo ni Mlima wa Mahafali. Mahafali thelathini! Kila sahani ya plastiki tuliyopakulia pilau, kila kikombe, kila kijiko, vyote vimo humo na hakuna hata kimoja kilichooza. Mwaka wa mafuriko mlima ulimeguka nusu ukaziba mto, maji yakaingia maktaba. Vitabu vya elimu ya maji ndivyo vilivyolowa kwanza."

Ndipo, akanieleza, Baraza lao Kuu likatunga Sheria ya Uozo. Ibara yake ya kwanza ni fupi na nzuri: vyuo vyote vya umma visinunue chombo chochote cha plastiki isipokuwa kile kinachooza kikarudi ardhini. Nilisimama nikamshika mkono. Nimeiona mito ya kwetu ilivyo, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga. Hapa, nilijiambia, wamepatikana watu wenye akili. Ibara ya pili nilikuwa sijaisoma.

Ibara ya pili nilikutana nayo stoo. Mlango ulikuwa wazi, na ndani mwanamke wa makamo, khanga kiunoni, alikuwa akimwagilia sahani maji. Nasema sahani, si miche. Zilipangwa safu kwa safu juu ya udongo mweusi uliomwagwa sakafuni, sahani mia nne za rangi ya maziwa, naye alipita katikati yake na keni ya bustani akiinyunyizia kila moja haki yake.

"Karibu, mzee wangu, angalia usiikanyage shehena," alisema. "Mimi ni Mashavu, mtunza stoo. Mtunza stoo wa kibarua. Hilo neno la mwisho usiliache, maana ndilo jina langu la ukoo siku hizi."

Nilimuuliza kwa nini anazimwagilia.

"Zioze."

"Zioze kabla hazijatumika?"

"Sasa zisipooza zitatumikaje?" alinijibu, akaniangalia kama ninavyoangaliwa na wajukuu zangu ninapouliza jinsi ya kuwasha simu.

Nilivuta ndoo nikakaa, naye akanieleza bila kuacha kazi yake. Zamani wazabuni waliwadanganya sana watu wa Rutubani. Waliwaletea plastiki ileile ya jana iliyochorwa jani la kijani mgongoni, na vyuo vikanunua. Kwa hiyo ibara ya pili ikaja kuwabana: chombo chochote kisitumike mpaka mmoja wa ndugu zake, yaani chombo cha shehena hiyohiyo, kizikwe kwenye Uwanja wa Ushahidi na mashahidi saba waone kwa macho yao kwamba kimeoza chote. Ikaja na ibara ya tatu kuwabana zaidi: vilivyobaki stoo vilelewe sawasawa na kile kilichozikwa, udongo uleule, maji yaleyale, asije mtu akasema kwamba kilichopimwa sicho kilichonunuliwa.

"Sahani za sasa zimetengenezwa kwa muhogo," alisema Bi. Mashavu. "Ni nzuri, hazidanganyi. Siku ya sabini mashahidi wanafukua, hawakuti kitu, wanapeana mikono, kisha wanakuja hapa na muhuri wa ruhusa."

"Na hapa wanakuta nini?"

"Udongo mzuri sana. Mwaka jana nilipanda bamia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliweka keni chini akanionyesha ukutani picha tatu za watunza stoo waliomtangulia, wote wamekaza midomo. Kanuni ya chuo ilikuwa hivi: mtunza stoo huthibitishwa kazini siku atakayotoa chombo kimoja kihalali kwa mkono wake. Akifika miaka kumi hajatoa, mkataba umekwisha na nyumba ya chuo anaihama. Kati ya wale watatu hakuna aliyewahi kutoa. Miaka kumi ya Bi. Mashavu ilikuwa inatimia siku ya mahafali, na mahafali yalikuwa baada ya siku kumi na mbili.

"Mimi ningehama, miguu ninayo," alisema. "Ila nakaa na mama, na mama haoni. Nyumba ile anaijua kwa vidole. Hatua tisa mpaka mtungini, kumi na nne mpaka uani, kizingiti kimoja kibaya anakipigia bismillahi. Nimhamishie wapi akaanze kuhesabu upya na miaka themanini na mbili? Nataka kutoa moja tu, mzee wangu. Hata kisosi."

Shehena ile ilikuwa imefika wiki iliyotangulia na ndugu yao alikuwa amezikwa Jumatatu. Hesabu haikuhitaji kalamu. Nilitoka mle ndani nimenuna, na mtu akinuna katika nchi ya watu huwa ameanza kuizoea.

Mchana nilikwenda bwaloni kuona wanafunzi wanakula kwa vyombo gani. Rasmi hawakuwa na chombo, kwa kuwa hakuna kilichoidhinishwa. Lakini kila mmoja alikuwa na bakuli la bati la kwao nyumbani, lenye maua ubavuni na kovu la kuanguka, nalo likiitwa kitabu cha rejea. "Umesahau kitabu chako cha rejea?" mpishi alimwuliza kijana mmoja, akampakulia maharage kwenye kifuniko cha sufuria. Kiranja wao, msichana mrefu aitwaye Chiku, alinionyesha la kwake. Alikuwa amelirithi kwa bibi yake, ambaye naye alisoma chuo hicho.

"Kengele ikilia mara tatu ujue Mshuhudia Mkuu anakuja," alisema. "Hapo unalikalia. Kama lina mchuzi, ni bahati yako mbaya."

Kengele ililia mara tatu palepale. Wanafunzi mia nne walikalia vitabu vyao vya rejea kwa mpigo mmoja, na akaingia Bwana Fungameza, Mshuhudia Mkuu wa Uozo. Alikuwa mrefu, mkavu, safi kupita kiasi, na miwani ameifunga kwa uzi shingoni. Nilitaraji kumchukia, nikashindwa. Alinisalimu kwa adabu zote, akakataa maji niliyompa kwa sababu glasi haikuwa na hati, akaketi kunijibu maswali yangu kama mtu mwenye siku nzima.

"Ushahidi wangu ni mmoja," alisema. "Tangu sheria hii ianze, miaka thelathini na nane, chuo hiki hakijatupa sahani hata moja. Mlima ule haujaongezeka hata kijiko. Asilimia mia ya vyombo tulivyonunua vimeoza. Nitajie nchi nyingine."



"Lakini, Mheshimiwa, havikutumika."

"Kutumika ni jambo la jikoni. Mimi niko upande wa uozo."

"Na mabakuli ya bati, kwa nini chuo kisinunue? Hayatupwi, mtu anamrithisha mjukuu."

Alitabasamu kwa huruma. "Bati linaoza?"

"Halihitaji kuoza."

"Basi halina la kushuhudia. Bwana Mkaguzi, mimi sijawahi kusaini kitu nisichokiona. Waliletwa watu kwangu na bahasha, na vitisho, hata na machozi. Sijasaini. Ukiona nchi ina mtu mmoja wa namna hiyo, usimcheke."

Alisema kweli, na sikumcheka. Tatizo la Rutubani halikuwa mtu mwongo. Nimekagua shule zenye waongo, na ninyi mnanijua, waongo ninawamudu. Aliyenishinda maishani ni mtu mkweli aliyekabidhiwa sheria iliyokosewa.

Jioni ile, kwa ajili ya goti langu, nilikwenda kutembea, nikaishia Uwanja wa Ushahidi. Umezungushiwa ukuta wa miiba wenye lango moja dogo, na ndani kuna vijilima vidogo vilivyopangwa kama makaburi, kila kimoja na kibao chake: *Kikombe, shehena ya sita. Sinia, shehena ya kumi na moja.* Nilikiona kijilima cha ndugu wa zile sahani, udongo bado mbichi. Nilisimama pale nikamkumbuka yule mama kipofu na hatua zake tisa, nikahuzunika, na mwenye huzuni hatazami nyuma. Nilitoka bila kulifunga lango.

Sina la kujitetea. Kibao kilikuwapo: *Funga lango.* Mimi, niliyewahi kuwanyima walimu wakuu alama kwa geti lisilofungwa, sikulifunga.

Asubuhi niliamshwa na kelele. Nilipofika uwanjani nilikuta watu wamezunguka shimo, na ndani ya shimo hamna sahani. Pembeni alisimama mbuzi wa Mkuu wa Chuo, jike mwekundu mwenye kishungi cheupe kichwani, jina lake Kishungi, anatafuna bila haraka. Kwenye kidevu chake kilining'inia kibandiko chenye namba ya shehena.

Bi. Mashavu alikuwa amekaa chini kwenye tope. Nilimwendea nikamwambia ukweli kabla sijaambiwa na mtu mwingine: lango nililiacha mimi.

"Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone," alisema bila kunitazama. "Wewe umekuja kunizika kabisa. Unajua ndugu akipotea shehena inakuwaje? Inaitwa yatima. Inarudishwa kwa mzabuni leo leo, kabla ya saa sita. Sasa hata ile ya kuoza nimenyang'anywa! Nilikuwa na siku kumi na moja za kujidanganya, mzee wangu, hata hizo umenilia pamoja na mbuzi wako."

"Mbuzi si wangu," nilisema, na mpaka leo naona haya kwamba ndilo neno lililonitoka.

Kikao cha mashahidi saba kiliitishwa papo hapo, chini ya turubai la mahafali lililokuwa limeshaanza kufungwa. Bwana Fungameza aliketi katikati. Kishungi aliletwa kwa kamba akafungwa mbele yake, na Mwalimu Ngwali akaketi upande wa mbuzi kama mzazi aliyeitwa shuleni. Wanafunzi walijaa pande zote. Niliomba kusema kwanza nikaungama kosa langu, nikaandikwa kwenye daftari kama "uzembe wa kigeni."

Shahidi wa kwanza alisema shehena ni yatima, irudishwe. Wa pili alikubaliana na wa kwanza. Wa tatu alikuwa hajasikia swali. Bwana Fungameza alikuwa ameshachukua kalamu Bi. Mashavu alipoinuka, tope limemkaukia kwenye khanga.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Sahani ikioza inakuwa nini?"

"Inarudi ardhini."

"Inarudi vipi? Inarukia?"

Watu walicheka. Bwana Fungameza hakucheka lakini alifikiri, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. "Inaliwa," alisema polepole. "Inaliwa na vijidudu vya udongo, na kinachotoka kwao ndicho udongo."

"Mnaviona vijidudu hivyo?"

"Ni vidogo sana."

"Basi huyu hapa ni mkubwa," alisema Bi. Mashavu, akamnyooshea Kishungi kidole. "Ndugu wa sahani hakupotea. Tunajua alipo. Yumo humo. Miaka yote mmeshuhudia vijidudu msivyoviona, leo mmeletewa kijidudu chenye pembe, mnakikataa?"

Wanafunzi walipiga meza. Shahidi wa nne alisimama akauliza kama tumbo la mbuzi linaweza kuhesabiwa kuwa ni Uwanja wa Ushahidi, maana halina uzio. Wa tano akasema lina uzio, mbavu. Wa sita akataka kujua kama mbuzi ni mtumishi wa chuo au ni mali binafsi, na kama ni mali binafsi, je, aliutafuna ushahidi kwa niaba ya nani? Mwalimu Ngwali aliapa kwamba hakumtuma. Mjadala ulikwenda mpaka adhuhuri, na nakiri kwamba, pamoja na aibu yangu yote, nilikuwa sijafurahia kikao kama kile tangu niache kazi.

Mwishowe Bwana Fungameza aligonga meza.

"Sisaini nisichokiona," alisema. Nilimwona Bi. Mashavu akifumba macho. "Lakini sikatai kuona. Mbuzi huyu atalindwa siku tatu, usiku na mchana, na mashahidi kwa zamu. Kila kitakachotoka kwake kitapita kwenye chekeche. Kikionekana kipande cha sahani hata kama punje ya mtama, shehena ni yatima. Kisipoonekana, kilichozikwa kimeoza, nami nitasema kimeoza. Na mpaka hapo hakuna kumwagilia stoo, maana aliyezikwa yuko pakavu."

Siku zile tatu sitazisahau. Nimewahi kuona viongozi wakilindwa, lakini si kwa makini yale. Popote Kishungi alipokwenda, nyuma yake walifuata watu wazima wawili wenye tai, mmoja na daftari, mwingine na chekeche ya unga na kijiko. Akisimama wanasimama. Akilala wanaandika saa aliyolala. Wanafunzi walitoka madarasani kuja kusikiliza matokeo, na kila chekeche ilipotoka safi walishangilia kama goli limeingia. Siku ya pili Kishungi alikaa saa sita bila kutoa kitu, mji mzima ukaingia wasiwasi. Chiku alimletea majani ya kunde kifuani mwa shati, akaambiwa na mashahidi kwamba hairuhusiwi kumshawishi shahidi.

Bi. Mashavu hakuja kutazama. Nilimkuta kwake, amemshika mama yake mkono, wanahesabu hatua kutoka mlangoni kwenda barabarani. Alikuwa anamfundisha kuondoka. Yule bibi aligeuza uso upande wangu akauliza, "Huyu ndiye wa lango?" Nikamwambia ndiye. "Karibu ukae," alisema. "Na mlango ufunge."

Jioni ya siku ya tatu Bwana Fungameza alikuja stoo yeye mwenyewe, mashahidi sita nyuma yake na kundi la wanafunzi nyuma ya mashahidi. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo kilichofunikwa kitambaa cheupe. Aliufunua mzigo ule mbele ya wote, akainama, akavaa miwani, akatazama kwa dakika nzima, kisha akafanya jambo ambalo nilimheshimu kwalo zaidi ya saini zote: akanusa.

"Nimeshuhudia," alisema. "Kimeoza chote." Akatoa muhuri, akaupumulia, akageuka kwenda kuupiga kwenye mlango wa stoo kama alivyofanya miaka yote. Mkono ulimkwama hewani. Katika miaka thelathini na nane hajawahi kuinua muhuri ule akakuta bado kuna sahani ndani. Zilikuwapo, mia nne, safu kwa safu, zimepauka kidogo pembeni lakini nzima. Alisimama pale akizitazama.

"Ni nyingi," alisema kwa sauti ndogo.

Siku ya mahafali mama mtu aliletwa akakalishwa kiti cha mbele, karibu na Kishungi, ambaye alifungwa utepe. Pilau iliiva. Bi. Mashavu alisimama kwenye dirisha la stoo na sahani ya kwanza mikononi. Aliishika kwa mikono miwili. Aliyestahili kuipokea kwa itifaki alikuwa Waziri mgeni rasmi, lakini yeye aliizungusha ile sahani, akatoka nje kwa mlango, akaenda moja kwa moja kwa mama yake akamwekea mapajani. Yule bibi aliipapasa ukingo mzima mpaka vidole vikarudi vilipoanzia.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mbona ndogo?"

Alilia Bi. Mashavu, akalia Chiku, nami pia, sina haja ya kuficha, nikalia mpaka nikapiga chafya.

Sahani zenyewe, lazima niseme ukweli, zilikuwa zimemwagiliwa maji siku saba nzuri. Pilau ya moto ilipokaa juu yake zilianza kulegea, kwa hiyo watu walikula mbio, na hotuba zikafutwa. Waliochelewa walikula pilau na sahani pamoja, wakasema imefanana na muhogo wa kuchemsha uliokosa chumvi. Kufika saa tisa hapakuwa na kitu cha kutupwa. Ilikuwa ndiyo sheria yao yenyewe, ile ibara ya kwanza, imetimia mbele ya macho yao, na ilikuwa nzuri kama nilivyoiona siku ya kwanza.

Waziri peke yake ndiye aliyeondoka na uso mgumu. Kwa takwimu za wizara, asilimia ya vyombo vilivyoozea stoo ilikuwa imeanguka kutoka mia hadi sifuri katika mwaka mmoja, na hilo angelieleza vipi barazani?

Siku ya tatu baada ya mahafali, ndiyo siku niliyofunga mizigo yangu, Bwana Fungameza alileta barua ya kumthibitisha Bi. Mashavu kazini. Aliileta yeye mwenyewe kwa heshima, na pale pale nikaona kwamba mambo hayajaisha. Barua ilikuwa ndani ya jalada la plastiki lililozibwa pande zote, rangi ya maziwa, nyeupe kiasi kwamba huwezi kusoma kilichomo.

"Ni muhogo?" aliuliza Bi. Mashavu.

"Ni muhogo," alisema Bwana Fungameza, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa raha. "Wizara imeanza kununua majalada. Ni chombo cha plastiki, Mashavu. Huwezi kulifungua mpaka ndugu yake ameoza. Nimemzika asubuhi hii."

"Siku sabini."

"Siku sabini. Na barua, kama ninavyofahamu, inataka ujibu kwa siku saba. Usipojibu utahesabiwa umekataa."

Nilimwangalia Bi. Mashavu nikiogopa nitakachokiona, nikaona mashavu yake yanatetemeka, na sikujua kama ni kilio. Kilikuwa kicheko. Kilimpanda kutoka tumboni mpaka akashika ukuta, na ndani mama yake akauliza kuna nini, na yeye hakuweza kumjibu.

Bwana Fungameza alisubiri amalize. Kisha alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mimi hushuhudia ninachokiona," alisema. "Kesho saa moja asubuhi nitapita uwanjani na daftari na chekeche. Leo macho yameniuma mchana kutwa, nakwenda kulala." Akatuaga, akaondoka kwa njia ndefu, ile isiyopita karibu na lango.

Bi. Mashavu aliingia uani akatoka na Kishungi, ambaye Mwalimu Ngwali alikuwa amempa kama zawadi ya mahafali. Akanikabidhi ncha ya kamba.

"Mzee wangu, si ulisema unapenda kutembea jioni kwa ajili ya goti?"

"Nilisema."

"Basi mchukue huyu mtembee naye upande ule wa makaburi," alisema. "Na lango, safari hii, liache wazi kwa makusudi."